Jinsi ya kuanzisha ulinzi shirikishi mtaani kwenu bila kuishia na genge la marungu

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimeona mitaa mingi hapa Dar ikipitia njia ile ile. Zinatokea kabari mbili tatu za usiku, au kunasikika kuna watu wasioeleweka wamekamatwa mahali, basi watu wanakurupuka, Jumapili kikao, Jumatatu vijana kumi wameshapewa virungu na filimbi, mwezi wa tatu hamna doria, hela imeliwa, na kuna kijana wa watu yuko hospitali kavunjwa mkono kwa kosa la kurudi kwake saa nane usiku. Huku kwetu njia ya Chanika tumeyapitia hayo yote, mara mbili kabisa, ya tatu ndo ikakaa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, daftari nalishika mimi, kwa hiyo naongelea nilichokiona kwa macho.

Kabla hujaitisha kikao elewa kwanza unajenga nini. Polisi ya Tanzania ni jeshi moja, amri inashuka kutoka kwa IGP, mkuu wa jeshi lote, mpaka mkoa wa kipolisi mpaka OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mpaka OCS, mkuu wa kituo chenu. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam peke yake. Askari wa kituo hata awe mchapakazi vipi hawezi kujua nani kahamia ile nyumba ya bati jekundu uchochoro wa tatu, wewe na muuza mkaa ndo mnajua. Wenzetu Nigeria wanabishana miaka na miaka kuhusu kila jimbo kuwa na polisi wake, katiba yao ya 1999 kifungu cha 214 inasema jeshi la polisi ni moja tu la taifa zima, magaidi wa Boko Haram wakawasumbua kaskazini mashariki mpaka vijana wa mitaa ya Maiduguri wakaunda wenyewe kikundi chao cha ulinzi mwaka 2013, na majimbo sita ya kusini magharibi yakaanzisha Amotekun, kikosi chao cha ulinzi, mwaka 2020. Wakenya nao baada ya magaidi kuvamia Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wamekufa, wakachukua nyumba kumi, ule mpango wa kila nyumba kumi kuwa na mjumbe wao. Nyumba kumi yetu hii hii ya enzi za TANU! Sisi wenyewe mjumbe tunamkumbuka tukiwa na shida ya barua.

Sasa kwetu usijichanganye, ibara ya 147 ya katiba inakataza mtu au kikundi chochote zaidi ya serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Kwa hiyo mnachoanzisha sio jeshi la mtaa, wala polisi ndogo. Ni macho na masikio yenye daftari, na doria kidogo juu yake. Ukilishika hilo nusu ya matatizo umeshayakwepa. Sisi mara ya kwanza tulianza na doria, daftari tukasema litakuja baadaye, halikuja.

Mwanzo kabisa nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa, hata kama mwenyekiti humpendi, hata kama ulimpigia kura mwingine. Mtaa unatakiwa uwe na kamati ya ulinzi na usalama tayari, ipo kwenye makaratasi hata kama haijakaa mwaka mzima, sasa usianzishe nyingine pembeni, ifufue hiyo. Itisheni mkutano wa wakazi wote, jambo lipitishwe hapo mbele ya watu, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, nakala iende kwa mtendaji wa kata na nyingine kituoni. Huu muhtasari watu wanauona urasimu ila siku kijana wenu amemshika mtu na mtu anasema nimetekwa, hiyo karatasi ndo itakayoonyesha kwamba nyie sio wahuni mliokutana kijiweni. Pale pale mkutanoni awepo polisi kata, siku hizi wanaitwa wakaguzi kata, mtu mwenye nyota yake begani. Mpeni namba, mchukue namba. Watu wamuone sura. Mzee ambaye hajawahi kuongea na polisi maisha yake yote hawezi kukurupuka kumpigia afande asiyemjua, ila yule aliyekuja akakaa kwenye benchi letu akanywa soda atampigia.

Halafu daftari. Hapa naomba mnivumilie maana ndo penyewe.

Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani pale Oysterbay ulipolipuliwa walikufa watu 11, Nairobi asubuhi hiyo hiyo zaidi ya 200. Lile lori lililobeba bomu halikufika mlangoni kwa sababu gari la maji la ubalozi lilikuwa limelitangulia likaukinga mlipuko kiasi. Ila kabla ya lori kufika barabarani lilikuwa na makazi. Hati ya mashtaka kule New York inaitaja, nyumba ya kupanga, namba 213, Ilala. Nyumba kama nyumba zetu tu. Siwalaumu majirani wa kipindi kile, mimi ningekuwa jirani ningejua nini? Mtu kalipa kodi, mpole, anasalimia. Ndo maana nasema usitegemee hisia, tegemea utaratibu ambao kila mtu anaupitia, mpole na mkorofi.

Nunua kauntabuku nene, moja kwa kila mjumbe. Chora mwenyewe kwa rula: namba ya nyumba (ile ya anwani za makazi, vibao vilivyopigwa 2022), jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, simu, anafanya kazi gani, katokea wapi, namba ya NIDA au kitambulisho cha kura, tarehe ya kuingia. Na tarehe ya kutoka, tafadhali, sisi mwanzo hatukuweka hiyo tukajikuta tuna mtaa wa watu wasiokuwepo. Anayejaza ni mjumbe mwenyewe au mama mmoja anayeheshimika, anapita mchana, anakaribishwa, anaulizia hali ya watoto. Vijana wa doria wasiguse daftari kabisa. Fremu za biashara zijazwe, gesti zijazwe kwa maana ya mwenye gesti na simu yake, na yeye awe na kitabu chake cha wageni kama sheria inavyotaka. Madalali waiteni kikao chao peke yao, maana dalali anajua kuhama na kuhamia kuliko mwenye nyumba, mwambieni tu kila akiingiza mpangaji amlete kwa mjumbe ndani ya siku tatu. Mwenye nyumba anayeishi Mbezi na nyumba yake iko huku, mpigieni simu. Kuna wengine wanapokea kodi ya miezi sita kwa simu na hawajawahi kumuona aliyeilipa.

Usiweke safu ya dini. Usiweke kabila. Nilishaona daftari la mtaa fulani lina hiyo safu na mtu alikuwa anaona kabisa amefanya la maana. Ukianza kushuku kanzu na ndevu umeshawapoteza nusu ya watu ambao wangekuletea taarifa, afu wahalifu wenyewe wataendelea kuvaa jinzi. Na kurasa zisipigwe picha na kurushwa watsapu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata isingekuwepo, ni namba za watu hizo.

Nitoe mfano daftari linavyofanya kazi. Kulikuwa na chumba nyuma ya nyumba moja karibu na kisima, wanaume wanne, taa inawaka saa saba usiku, mifuko inaingia, pikipiki inakuja alfajiri inapakia inaondoka. Mtaa mzima ukawa umeshaamua ni magaidi, kijiweni wakawa wanaambiana wamesikia harufu ya baruti. Vijana wanataka wavamie. Mjumbe wetu, mama mtu mzima, akasema ngoja, akachukua kauntabuku lake na miwani yake akaenda mwenyewe saa tano asubuhi akagonga hodi. Akakaa kama nusu saa, sisi tuko kwenye kona roho juu. Akatoka ameshika mfuko wa nailoni, una maandazi. Jamaa wanapika maandazi na chapati za kupeleka Buguruni sokoni, mifuko ni ngano, na ile harufu ni mafuta yaliyorudiwa kukaangia. Majina manne kayaandika, simu, wametokea Korogwe. Tungevamia usiku ule leo tungekuwa tunaongea mengine.

Daftari likishajaa, hata robo tatu tu, ndo mfikirie doria. Na hapa nawapa kisa cha mara ya pili yetu, kwa aibu. Tulikuwa na vijana nane, wana moto kwelikweli. Usiku mmoja saa tisa wakakutana na kijana anatembea peke yake na begi, wakamuuliza anaishi wapi, akataja nyumba, wakasema hatukujui, akajibu kwa ukali (na nani asingejibu kwa ukali), basi wakamfunga kamba wakaanza kumpiga. Alikuwa anatoka zamu ya usiku kiwandani. Ana wiki mbili tangu ahamie, mjumbe hakumuandika kwa sababu daftari lilikuwa halijaanza. Mkono ulivunjika sehemu mbili. Tuligharamia matibabu mtaa mzima, vijana wawili wakalala lupango, na yule kijana alihama, mpaka leo nikikutana naye kwenye daladala nageukia dirishani.

Kwa hiyo kuchagua vijana: kila mmoja awe na wadhamini wawili wakazi wa hapo wenye nyumba, wanasaini. Asiwe na kesi. Asiwe mlevi, najua inaonekana wazi ila mnajua wenyewe tunachagua nani, tunachagua wale wasio na kazi wanaoshinda kijiweni kwa sababu ndo wanaopatikana. Waliopita mgambo wapeni kipaumbele, wamefundishwa nidhamu, kama hamna ongeeni na mshauri wa mgambo wa wilaya. Polisi kata awape semina hata ya siku mbili. Wasiwe wote wa kijiwe kimoja wala ukoo mmoja, changanya. Watembee watatu watatu, saa tano usiku mpaka kumi na moja alfajiri, reflekta, tochi, filimbi, kirungu. Panga hapana. Bunduki ndo usifikirie kabisa, silaha ina sheria yake na kibali chake. Njia wabadilishe, wasipite uchochoro ule ule saa ile ile, vibaka wanawasoma kama ratiba ya mwendokasi (tena afadhali wao, ratiba ya mwendokasi haisomeki). Na wakae na orodha ya watu wa zamu za usiku, walinzi, manesi, wapishi, madereva, wawajue kwa sura.

Wakimshika mtu je? Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewesha. Sungusungu wao, waliotokea Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80 kwenye wizi wa ng'ombe, walikuja kutambuliwa kwenye marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989, ila na wao hakuna palipoandikwa kwamba wanaweza kuhukumu mtu. Kwa hiyo hamna kumhoji, hamna kumtoza faini, hamna kumfungia ofisi ya mtaa mpaka asubuhi, hamna kuingia kupekua ndani kwa mtu. Piga simu kituoni au 112, andika saa, peleka, mlalamikaji aende naye afungue kesi achukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya kesi. Na watu wakishasikia mwiziii wanatoka na matairi, kazi ya kijana wa doria pale inageuka, inabidi amlinde huyo mwizi asiuawe. Waambieni hivyo kabla, sio usiku wenyewe.

Hela sitakaa sana. Kaya 140 mara elfu mbili kwa mwezi kwenye karatasi ni laki mbili na themanini, kwenye maisha halisi wanalipa kama 90, una laki na themanini. Vijana sita kila mmoja elfu ishirini na tano, inabaki thelathini ya betri na buti. Ni hela ndogo, ni kama posho ya supu, ndo maana vijana wanaacha. Ipokelewe kwa simu, laini iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina na wa pili ajue salio, na tarehe 5 ya kila mwezi ibandikwe ukutani kwa mwenyekiti nani kalipa na imetumikaje. Asiyelipa asifuatwe na vijana wa doria usiku. Mara ya kwanza ndo tulianguka hapo, kijana anagonga mlango saa nne usiku anadai elfu mbili akiwa na rungu, tofauti yake na kibaka nini?

Tuje kwenye taarifa, na hapa ndo panatofautisha kulinda kuku na kulinda watu.

Mnakumbuka mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, kule Pwani, mpaka 2017 ile. Waliouawa sio askari tu. Walikuwa wenyeviti wa vijiji, watendaji, watu wa mtaani kabisa, waliofuatwa majumbani. Na huku Dar kabla ya hapo, Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari kilivamiwa wakafa watu 7, kati yao askari 4, silaha zikabebwa, Agosti 2016 Mbande askari 4 wakauawa benki. Mwenye bunduki na sare ameuawa, sasa huyu mjumbe wako mwenye kauntabuku unamlinda na nini? Unamlinda na siri.

Kwa hiyo grupu la watsapu la mtaa liwe la mambo ya wazi tu, mtoto kapotea, maji yamekatika, doria leo imeanza. Ukimshuku mtu usimwandike kule, mule ndani kuna watu mia mbili na hujui nani shemeji yake nani. Taarifa nzito inatoka mdomoni kwa mtu mmoja kwenda sikioni kwa mtu mmoja, ama mwenyekiti ama polisi kata, na jina la mtoa taarifa haliandikwi popote, hata kwenye daftari la kamati. Mimi kama katibu kuna mambo niliyaandika "taarifa imepokelewa, imefikishwa", basi. Na kama kituoni kuna mtu anavujisha, maana huo ndo ukweli usiopendeza, kuna mzee wa huku kwetu alienda kueleza kuhusu nyumba inayouza unga, yaani madawa ya kulevya, jua halijazama mwenye nyumba akampigia simu kumuuliza kulikoni mzee wangu, basi hapo msinyamaze na msiishie kulalamika kijiweni. Pandisheni kwa OCD, ikishindikana kwa mkuu wa wilaya, yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Nendeni watu watatu na muhtasari mkononi. Yule mzee hakuwahi kurudi kituoni tena, ila taarifa zake aliendelea kunipa mimi, tunakaa kwenye bao tunacheza huku anaongea bila kuniangalia.

Taarifa gani ni nzito? Sio sura. Ni chumba kilichopangwa na kulipiwa ila hakuna anayelala, watu tofauti wanakuja kwa zamu na hakuna hata mmoja anayekubali kuandikwa. Ni mtu anayeulizia askari wa lindo wanabadilishana saa ngapi. Ni mitungi na vifaa vinavyorundikwa na hakuna biashara inayoonekana. Ni kifurushi kilichoachwa sokoni au kituo cha daladala, hicho usikiguse, usikisogelee kupiga video, sogeza watu mbali, piga 112.

Na kuna moja wengi wanaipita. Ni kijana wa mtaani aliyebadilika ghafla, kaacha shule au kazi, kaaga anaenda kusoma mbali au kuna kazi nzuri kusini, afu simu haipatikani. Msumbiji kule Cabo Delgado vita ya magaidi ilianza Oktoba 2017, ikafika mpaka Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, na Watanzania wamo waliovuka kwenda kule. Wa kwanza kujua huwa ni mama yake. Sasa mama huyo akienda kusema anaogopa, mtoto atakamatwa kwa sheria ya ugaidi ya 2002 na yeye atahojiwa kama mshirika, basi ananyamaza. Kama mtaa wenu una mtu mmoja, shehe, mchungaji, mwalimu wa zamani, yule mjumbe wa maandazi, ambaye mama anaweza kumfuata jikoni akalia na isiwe kesi hapo hapo, mna kitu ambacho kituo cha polisi hakina. Kwetu ilitokea mara moja. Kijana alikuwa bado yuko stendi hajapanda basi, mjomba wake akamfuata wakarudi pamoja, sasa hivi anaendesha bodaboda na yuko kwenye daftari kama watu wengine.

Mtaa wa jirani wapeni namba zenu nao wawape, mkipiga filimbi wao wazibe njia ya upande wao. Hilo ni la dakika kumi.

Kila miezi mitatu pitieni daftari ukurasa kwa ukurasa, waliohama wakatwe, na vijana wa doria wajadiliwe mmoja mmoja wakiwa hawapo. Uchaguzi wa serikali za mitaa unakuja kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 2024, na mwenyekiti akibadilika hakikisheni kuna makabidhiano ya maandishi, idadi ya kauntabuku, idadi ya kurasa, saini za wote wawili, polisi kata shahidi. Sisi hatukufanya. Kauntabuku mbili tulizisaka wiki nzima, tukazikuta nyumbani kwa mjumbe mmoja aliyekuwa ameshaachia ngazi, wapangaji wote wapo, namba zote zipo, na kurasa za mwisho kumi na moja mke wake alikuwa ameandikia madeni ya mkaa. Langu la elfu nne likiwemo.